Maradhi ya Simbilisi, na Hatari ya Dawa Isiyo Yake

Watoto, ukipita asubuhi nyuma ya baadhi ya nyumba za Temeke na Kinondoni, utasikia mlio mwembamba kama wa filimbi ndogo. Mlio huo hutoka ndani ya sanduku la mbao au tenga kuukuu, nao huzidi mara kisikiapo kishindo cha mtu aletaye majani. Aliaye hivyo ni simbilisi.

Simbilisi ni mnyama mdogo wa jamaa ya wanyama watafunao, kama panya, lakini hana mkia, na masikio yake na miguu yake ni mifupi. Aliyekomaa ana uzito wa gramu 700 hata 1,200. Watu wengine wa mjini humwita pimbi, na hilo ni kosa. Pimbi ni mnyama wa mwitu akaaye katika majabali, naye, ajabu kusema, ujamaa wake u karibu na tembo kuliko panya. Waingereza wamekosea zaidi yetu, maana wamempa simbilisi jina la nguruwe wa Guinea, na yeye si nguruwe wala hakutoka Guinea. Kwao hasa ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, katika nchi za Peru, Bolivia na Ecuador, ambako watu walimfuga kwa ajili ya nyama maelfu ya miaka kabla Wazungu hawajafika. Hapa Tanzania amefugwa sana katika nyanda za juu za kusini, kama Iringa na Njombe. Na katika Kivu ya Kusini, nchi ya Kongo, jamaa nyingi humfuga kwa kitoweo. Wakati wa vita walimwona ana faida kubwa, kwa kuwa ni rahisi kumficha.

Jike hubeba mimba siku 59 hata 72, kisha huzaa watoto wawili, watatu au wanne. Watoto hao huzaliwa na manyoya tayari, macho yao yamefumbuka, nao hutembea siku ile ile. Ndiyo sababu watoto wa shule hupenda kumfuga: hataki nafasi kubwa, hang'ati ovyo, na huzaa upesi.

Nawaandikieni somo hili kwa sababu niliwaua simbilisi wawili kwa ujinga wangu, nao hawakuwa wangu.

Katika ua wetu, Tandika, tulikuwa nao tisa. Baadhi ya wanafunzi wangu hukaa na wazazi wao katika vyumba vya kupanga, chumba kimoja watu watano, wala mwenye nyumba hataki mnyama. Basi niliwaruhusu kuweka simbilisi wao kwangu. Wawili kati ya wale tisa walikuwa mali ya msichana mmoja wa darasa la sita. Aliwanunua kwa fedha alizopata kwa kumsaidia shangazi yake kuuza vitumbua, naye alikusudia kuuza watoto wao ili anunue sare mpya, maana ile aliyokuwa nayo ilikuwa imekwisha viwiko. Alikuja kila jioni kusafisha sanduku, awe na kazi nyingine au asiwe nayo.

Mwezi wa Januari, kama mjuavyo, jua la Dar es Salaam ni kali. Mvua za vuli zimekwisha, masika bado, na ukoka wa kando ya njia hugeuka rangi ya mkeka. Sikuwa na nafasi ya kwenda mbali kutafuta majani mabichi, na mchicha wa sokoni ulikuwa wetu wenyewe wa kula. Nikawapa pumba za mahindi na chakula cha kuku kilichobaki gunia zima. Walikula vizuri, nami nikajipongeza kwa akili ya kubana matumizi.

Baada ya juma la tatu watatu kati yao wakabadilika. Manyoya yalisimama ovyo, wakajikunyata pembeni, wala hawakukimbilia chakula. Walipotembea waliburuta miguu ya nyuma. Yule msichana akaniambia, “Mwalimu, hawa hawalii kwa njaa. Wanalia nikiwagusa magoti. Na huyu ana damu kwenye fizi.” Nikamjibu kuwa ni baridi ya saruji imewaingia katika mifupa. Watoto, fikirini: baridi, Temeke, mwezi wa Februari! Lakini mtu mzima akitafuta jibu upesi hulipata popote.

Nikamwita bwana mifugo wa mtaani kwetu. Sitamtaja jina, wala sisemi alikuwa mtu mbaya. Mwaka uliotangulia alimponya ng'ombe wa jirani yangu aliyekuwa amevimba kiwele hata hakuna aliyetumaini, na kuku wa mtaa mzima huchanjwa naye. Alipofika aliwatazama wale watatu kwa muda mrefu kidogo, akawapapasa, akaniuliza, “Wameanza lini?” Nikasema, “Juma hili.” Nami, kwa kuwa nilitaka kurudi kwenye madaftari yangu, nikamhimiza: “Wapige sindano, Bwana Mifugo, tumalize kazi.” Akafungua mkoba wake, akatoa ile dawa nyeupe kama maziwa iliyochanganywa penisilini na streptomisini, dawa aliyoitumia kwa ng'ombe na mbuzi siku zote. Akapiga sindano wawili, nao ndio waliokuwa wa yule msichana. Alipomfikia wa tatu, dawa katika chupa ilikuwa imekwisha. Akasema atarudi kesho kutwa na chupa nyingine.

Siku ya kwanza hapakuwa na badiliko. Siku ya pili wale wawili hawakugusa chakula, na mavi yao, ambayo kwa kawaida ni vidonge vikavu kama punje, yalikuwa maji. Siku ya tatu usiku mmoja akafa. Wa pili alikufa siku ya nne kabla ya adhuhuri, mikononi mwa mwenyewe, wakati wa mapumziko. Msichana hakulia mbele yangu. Aliniuliza tu, “Mwalimu, mbona huyu asiyepigwa sindano bado yu hai?”

Swali hilo lilinikosesha usingizi. Kesho yake, Jumamosi, nikaupokea ushauri wa mwalimu mwenzangu, nikaenda kwa daktari wa mifugo mmoja wa upande wa Kinondoni, mwanamke, aliyesoma udaktari wa wanyama hata akahitimu na kusajiliwa. Nilimchukua yule mgonjwa katika kikapu kilichofunikwa kwa kitambaa chenye maji, kwa sababu ya joto la daladala, na maiti ya yule aliyekufa mwisho nikaitia ndani ya mfuko pamoja na barafu. Utingo alinitazama vibaya njia nzima.

Yule daktari hakuanza kwa kushika sindano. Alianza kwa kuuliza, “Wanakula nini?”

Nikamwambia.

“Tangu lini?”

“Tangu mwanzo wa Januari, Daktari.”

“Na majani mabichi?”

“Hatukuwapa.”

Hakunikemea. Alimshika yule mgonjwa, akamfunua mdomo kwa kidole, akanionyesha fizi zilizovimba, kisha akagusa magoti yake, na mnyama akalia kama alivyolia mikononi mwa yule msichana. Akasema, “Mwalimu, huu ni kiseyeye.”

Hapa yafaa tusimame kidogo tueleze kiseyeye ni nini. Mwili wa mnyama huhitaji kitu kiitwacho vitamini C, ambacho hushikamanisha nyama, mifupa, fizi na mishipa ya damu. Ng'ombe, mbuzi, mbwa na kuku hujitengenezea kitu hicho ndani ya miili yao wenyewe, kwa hiyo hawana haja ya kukipata katika chakula. Simbilisi hawezi. Kimeng'enya kimoja kinachohitajika kwa kazi hiyo hakimo mwilini mwake. Sisi wanadamu tuna upungufu ule ule, na nyani na tumbili vilevile. Simbilisi akikosa majani mabichi au matunda kwa majuma mawili au matatu, mishipa yake midogo huanza kuvuja damu, hasa katika maungo ya magoti na katika fizi, na kila hatua humwuma. Ndiyo sababu huburuta miguu: hakupooza, anaogopa maumivu.

Jambo hili lilijulikana mwaka 1907 huko Norway. Wataalamu wawili, Axel Holst na Theodor Frølich, walikuwa wakichunguza maradhi ya mabaharia, wakawalisha simbilisi nafaka tupu na mikate. Simbilisi wakaugua kiseyeye kile kile kilichokuwa kikiwaua mabaharia katika safari ndefu, na walipopewa mboga mbichi walipona. Kabla ya hapo hapakuwa na mnyama aliyejulikana kuugua kiseyeye kwa kunyimwa chakula fulani. Kwa njia hiyo simbilisi aliwafungulia watu mlango, hata Albert Szent-Györgyi wa Hungaria akakipata kile kitu chenyewe mwaka 1928, akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1937. Nami, miaka zaidi ya 100 baadaye, nilirudia jaribio la Norway katika ua wa Tandika bila kujua.

Chakula cha kuku hakikunisaidia kwa sababu mtengenezaji hana haja ya kutia vitamini C ya kumtosha simbilisi katika chakula cha ndege anayejitengenezea mwenyewe.

Simbilisi mkubwa mwenye afya huhitaji kiasi cha miligramu 10 hata 20 za vitamini C kila siku, na jike mwenye mimba huhitaji zaidi. Si kitu kikubwa. Pera moja dogo, lile linalooza chini ya mti watu wakiliruka, linatosha kwa simbilisi kadhaa, kwa kuwa gramu 100 za pera zina zaidi ya miligramu 200, yaani kama mara nne ya chungwa. Pilipili hoho ni nzuri, mchicha na matembele pia. Lakini yawe mabichi, maana moto huiharibu vitamini hii. Na vidonge vyake vikitiwa katika maji ya kunywa, nguvu hupotea upesi, hasa katika joto la kwetu. Kisamvu kibichi kina sumu, asipewe kamwe, wala majani ya nyanya na ya viazi mviringo.

Basi tumrudie daktari. Alipomaliza na aliye hai, akapasua maiti, akaniita nitazame. Ndani ya tumbo la simbilisi, pale utumbo mwembamba unapokutana na utumbo mpana, pana kifuko kikubwa kuliko tumbo lenyewe. Humo majani huchachuka na kuyeyushwa na vijidudu vyema visivyohesabika, kama pombe ichachukavyo ndani ya mtungi. Kifuko cha yule maiti kilikuwa kimevimba, kimejaa maji na hewa, na ukuta wake umekuwa mwekundu kwa damu. Daktari akasema, “Kiseyeye kingaliweza kumwua polepole. Lakini hiki kilichomwua ni sindano.”

Penisilini ni dawa ya kweli, watoto. Imewaponya watu na ng'ombe wasiohesabika. Kazi yake ni kuua vijidudu, nayo haichagui vibaya na vyema. Vijidudu vinavyomsaidia simbilisi kuyeyusha chakula ni vya aina ambayo penisilini huiua upesi. Vikiisha kufa, nafasi yao hushikwa na vingine visivyouawa na dawa hiyo, navyo hutoa sumu inayounguza utumbo. Simbilisi hawezi kutapika ili ajiponye. Huharisha, huacha kula, na mara nyingi hufa kabla ya juma kwisha. Hata kidonge cha amoksilini, ambacho watu wengi wamebakiza kabatini baada ya kupona kikohozi, kina hatari ile ile, maana ni ndugu ya penisilini. Tena streptomisini yenyewe humdhuru simbilisi.

Hii nayo si habari mpya. Alexander Fleming aliigundua penisilini London mwaka 1928. Mwaka 1940, huko Oxford, Howard Florey na wenzake waliijaribu kwa panya wadogo wanane waliotiwa vijidudu vya kuua. Wanne walipewa penisilini, wakaishi. Wanne hawakupewa, wakafa. Dunia ikafurahi. Lakini mwaka 1943 wataalamu wa Marekani walipoijaribu kwa simbilisi, simbilisi walikufa. Florey mwenyewe alikiri baadaye kwamba ilikuwa bahati kuwa walianza na panya, si simbilisi. Lau wangalianza na simbilisi, pengine wangaliitupa dawa hiyo kuwa ni sumu, na watu wengi wangalikufa kwa vidonda na homa ya mapafu.

Nilimwuliza daktari, “Je, hakuna dawa ya vijidudu ambayo simbilisi huistahimili?” Akasema zipo, lakini kila moja ina kipimo chake kwa uzito wa mnyama, na mnyama wa gramu 800 hapimwi kwa macho kama ng'ombe wa kilo 300. Yule wa kikapuni hakuhitaji hata moja. Alipewa vitamini C kwa kinywa kila siku, majani mabichi, na mahali pa kivuli. Siku ya sita alisimama kwa miguu minne.

Niliporudi nilimwendea bwana mifugo. Nilikwenda kwa hasira, nakiri. Alikuwa ameketi barazani anaosha mabomba ya sindano. Nilipomaliza kueleza, alinyamaza, kisha akasema, “Mwalimu, ng'ombe nimefundishwa, mbuzi nimefundishwa, kuku nimefundishwa. Simbilisi sikufundishwa. Siku ile nilitaka kukuambia sijui, lakini watoto wako walikuwa wamesimama wote wananitazama, na wewe unanihimiza. Nikaona aibu.” Hasira yangu iliisha pale pale, maana mimi ni mwalimu, najua jinsi ilivyo vigumu kutamka neno “sijui” mbele ya watoto. Tangu siku hiyo akiitwa kwa mnyama asiyemjua hupiga simu kwanza kwa yule daktari wa Kinondoni, hata akiwa amesimama mbele ya mwenye mnyama.

Maradhi mengine ya simbilisi nitayataja kwa ufupi. Joto humdhuru sana: likizidi nyuzi 30, naye hana kivuli wala upepo, huhema mdomo wazi na kulala ubavu, sanduku lisiwekwe chini ya bati tupu. Asifugwe pamoja na sungura, kwa sababu sungura aweza kubeba vijidudu vya homa ya mapafu naye mwenyewe asiugue. Akijikuna mpaka manyoya yanatoka, huenda ana utitiri wa ngozi. Meno yake hukua maisha yote, ya mbele na ya nyuma, na asipotafuna majani magumu yatazidi urefu mpaka ashindwe kula. Na simbilisi asiyekula kwa siku moja nzima yu hatarini, si mtu wa kungojewa mpaka kesho kutwa.

Je, utamjuaje tabibu wa wanyama aliye wa kweli? Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 iliunda Baraza la Veterinari Tanzania, ambalo huandikisha madaktari wa mifugo na wasaidizi wao. Kila mmoja aweza kuulizwa cheti chake, wala kuuliza si utovu wa adabu. Tena kwetu Temeke ipo maabara kuu ya veterinari, mpaka kituo cha daladala cha hapo huitwa Veterinari. Huko ndiko ilikotengenezwa chanjo ya mdondo wa kuku iitwayo TEMEVAC, na tangu mwaka 2012 kazi zake zimo mikononi mwa Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania. Nimepita mbele ya lango lake miaka mingi, kwa miguu na kwa gari, wala sikuwahi kuwaza kwamba huko wamo watu wanaojua kusoma maradhi katika mwili wa mnyama aliyekufa.

Lakini cheti pekee hakitoshi. Bwana mifugo wetu alikuwa na cheti chake, tena cha haki. Kwa hiyo muulizeni na neno hili: “Je, umepata kumtibu mnyama wa namna hii?” Nanyi mwambieni yote: anakula nini, tangu lini, mavi yake yakoje, analia akiguswa wapi. Yule msichana alikuwa na majibu hayo yote, wala hakuna aliyemwuliza.

Yule simbilisi aliyepona alikuwa jike, naye alikuwa wangu. Nilimpa yule msichana siku ile ile niliyotoka kwa bwana mifugo. Alimkataa. Alisema atampokea akiwa amepona kabisa, asije akafa tena mikononi mwake. Nikangoja mpaka mwisho wa Machi, mvua zilipoanza na ukoka ukachipuka, nikampelekea pamoja na dume moja. Mwezi wa Julai alikuwa na watoto watatu sandukuni, na mapera yalikuwa yakiletwa kila jioni katika mfuko wa madaftari.

Maswali. Eleza kwa nini kuku aweza kuishi kwa chakula kisicho na vitamini C, na simbilisi hawezi. Ikiwa gramu 100 za pera zina miligramu 200 za vitamini C, simbilisi ahitajiye miligramu 20 apewe gramu ngapi kila siku, na simbilisi tisa wapewe gramu ngapi kwa juma? Penisilini iliwaponya panya wa Oxford, ikawaua simbilisi wa Tandika: ni kitu gani ndani ya tumbo la simbilisi kilicholeta tofauti hiyo? Andika mazungumzo kati ya bwana mifugo na mwalimu, kama yangalivyokuwa lau bwana mifugo angalisema “sijui” siku ya kwanza.